Nyamanza Kwenye Shitingi ya Mama Sifa

Ukimpa mtoto darubini kwa mara ya kwanza, ataigeuza. Ataweka upande mpana machoni, akuone wewe mwalimu wake umekuwa mdogo kama panya, kisha acheke mpaka akae chini. Msimkaripie. Nilipopewa darubini ya kwanza na watu wa mradi wa ndege, nilipoteza kipindi kizima nikiwazuia wasiigeuze. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshaerevuka. Niliwaacha waigeuze, wachekane, wachoke, ndipo nikasema haya sasa, tuangalie ule mti. Ninyi mnaoanza kufundisha sayansi hapa kambini Nakivale, na vyeti vyenu vipya na mashati yaliyopigwa pasi, anzieni hapo.

Mimi kazi hii niliianza Uvira. Vita ya mwaka wa tisini na sita ilipofika niliikimbia na chaki bado iko mfukoni, na nikaiokota tena hapa Uganda, kwanza chini ya hema, baadaye kwenye darasa la udongo, mwishowe kwenye la matofali lenye madirisha. Sasa nimestaafu. Magoti yamegoma, na shughuli yangu ni kupalilia maharage na kuwachosha vijana kwa maneno. Nasikia mnalalamika kwamba hakuna maabara. Hata sisi hatukuwa nayo. Asidi niliifundisha kwa limau na majivu ya jikoni: ukikamulia limau kwenye majivu yanatoa povu, na wale wa nyuma waliokuwa wanasinzia wanasimama juu ya madawati. Siku moja nilizidisha mbwembwe, limau likaniruka jichoni, nikamaliza kipindi nikifundisha kwa jicho moja. Mpaka leo wako watu wazima hapa, wana watoto wao, ambao wakikutana nami njiani wananifumbia jicho moja badala ya salamu.

Lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote ililetwa na boda kutoka Mbarara. Alishuka mama mfupi, buti za shamba miguuni, mkoba umejaa karatasi. Alikuwa Munyankore, mtaalamu wa ndege, na tulimwita Madamu Kemigisha. Alikuwa akitafuta shule ambazo wanafunzi wangeangalia ndege kwao nyumbani na kuandika walichokiona. Karatasi zao zingeunganishwa na za shule nyingine, ijulikane ndege wanaishije mahali ambapo watu wanazidi kulima na kujenga. Watoto wangejifunza sayansi kwa kuifanya wenyewe, siyo kwa kunakili ubaoni. Alisema kazi hiyo inaitwa sayansi ya raia.

Nikamwambia, "Madamu, sisi hapa si raia. Ni wakimbizi."

Akanijibu akiniita bwana kwa lugha yake. "Ssebo, basi sisi tuite sayansi ya jirani. Hiyo iko sawa?"

Nikasema iko sawa, na kwa jina hilo tukaifanya.

Tulimchagua nyamanza kwa sababu anaishi na watu. Mnamjua: yule mdogo mweusi na mweupe, anayetembea uani akitikisa mkia, akiokota wadudu karibu kabisa na miguu ya mtu anayeosha vyombo. Sisi wa Kivu hatumgusi, Warundi hawamgusi, Wanyarwanda hawamgusi. Akijenga kwako unafurahi, na watoto wenye manati unawakanya. Na hapa alikuwa amejipatia mahali pazuri pa kujenga, kwenye mikunjo ya shitingi, yaani lile turubai la plastiki tulilokuwa tunapewa kuezekea, pale linapokutana na ukuta wa udongo. Kila mtoto ambaye kwao palikuwa na kiota alipewa karatasi. Shida ilikuwa kuona ndani ya kiota bila kukigusa.

Shida hiyo aliitatua Haji wa Ruti. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki pale Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, kwenye njia ya Kabale, na bahasha zetu tulikuwa tunaziacha kwake ili Madamu azipitie. Siku moja nikinywa chai yake nilimweleza jinsi tunavyohangaika. Akaingia ndani, akatoka na boksi la vioo vya pikipiki vilivyovunjika, vile vya pembeni.

"Vijana wa boda wanaanguka kila siku, Mwalimu," akasema. "Chukua. Angalau vioo vyao viangalie kitu cha maana."

Basi fanyeni hivi. Fungeni kipande cha kioo kwenye ncha ya mwanzi, kingo zake mzizungushie raba ya tairi mtoto asijikate. Ngojeni jua lipande kidogo na mama ndege atoke kutafuta chakula. Pandisheni mwanzi polepole juu ya kiota, mtaona kila kitu kilichomo. Msikae zaidi ya muda wa kusali Baba Yetu mara moja. Niliupima muda kwa Baba Yetu kwa sababu hapakuwa na mtoto mwenye saa. Waislamu wachache niliokuwa nao walisoma Fatiha, ambayo ni fupi, kwa hiyo nikawaomba waisome bila haraka.

Karatasi za kwanza zilinichekesha na kunitia simanzi kwa pamoja. Palikuwa na swali kuhusu wazazi wa kiota. Mtoto mmoja aliyekuwa amemwona ndege mmoja tu aliandika: "Mama yuko. Baba alibaki Kongo." Mwingine alitia chumvi mpaka kiota chake kikajaa vifaranga kupita uwezo wa nyamanza yeyote. Nilipomuuliza kulikoni, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, familia mukubwa njo inapataka bunga mingi."

Sikuweza kumlaumu kwa kudhani familia kubwa ndiyo itapata unga mwingi. Hapa kwetu mtu akija na karatasi, ama analeta kitu ama anaondoa, na watoto hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nilieleza kwa majuma kwamba nyamanza hawatapewa unga, hawatapelekwa Amerika, hawatarudishwa Kongo. Madamu anataka kujua tu. Hiyo ya mtu kutaka kujua tu iliwasumbua sana, na wengine waliendelea kunitilia shaka mpaka mwisho wa muhula.

Lakini jibu lililomshinda Madamu lilikuwa jingine. Penye swali la vifaranga ni wangapi, karatasi nyingi ziliandikwa maneno mawili tu: "Bako bote." Wapo wote. Namba hakuna. Juma hili bako bote, juma lijalo bako bote, mpaka akapanda boda kuja kuniuliza.

"Mwalimu, mimi napenda sana hii kazi ya watoto," akasema, karatasi ziko magotini. "Lakini sasa hii 'wote' ni ngapi? Kompyuta inataka namba."

Nikamweleza kwamba kwetu wenye uhai hawahesabiwi, na watoto ndiyo kabisa. Ukiwahesabu ni sawa na kuwaonyesha kwa kitu kibaya ambacho kilikuwa bado hakijawaona. Mama yangu alifuga mbuzi maisha yake yote wala hakuwahi kuwahesabu, na bado jioni akisimama mlangoni alijua ni yupi hajarudi.

Madamu akacheka. "Hata sisi kwa ng'ombe ni hivyo hivyo. Mzee wangu, ukimuuliza ng'ombe ni ngapi, anauliza kama wewe ni mtu wa kodi." Kisha akaacha kucheka. "Lakini bila namba, Mwalimu, hii siwezi kutumia. Kweli siwezi."

Nikarudi darasani nikawaambia watoto kwamba ndege si mtu, na kwamba sayansi inataka namba. Wengi walikubali shingo upande. Aliyekubali mapema kuliko wenzake alikuwa Sifa.

Sifa alikuwa darasa la sita, msichana mrefu, mkimya, mwenye macho ambayo hayakupitwa na kitu. Yeye ndiye aliyekuja kuniambia kwamba nyamanza husafisha nyumba yake, huchukua kinyesi cha vifaranga kwa mdomo na kwenda kukitupa mbali. Nilikuwa nimefundisha ndege miaka mingi bila kulijua hilo. Niliandika ubaoni na jina lake pembeni, akafunika uso kwa mikono. Nilikuwa nimeshamwona kwa mawazo yangu akiwa sekondari, akiwa Mbarara, akiwa amevaa buti za shamba na mkoba umejaa karatasi. Mwalimu hatakiwi kuwa na kipenzi darasani, na ninyi nawakataza, lakini mimi nilikuwa naye, na ndiye huyo.

Aliishi na mama yake na wadogo zake, Neema na Amani. Mama Sifa aliuza dagaa sokoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyefika hapa baada ya kuzunguka Burundi na Tanzania, na habari za safari hiyo hakuna mtu aliyezisikia kutoka kinywani mwake.

Basi asubuhi moja Sifa akasimama uani kwao na mwanzi wake, akapandisha kioo, akahesabu vifaranga kwa sauti, moja, mbili, kama nilivyokuwa nimewaambia. Mama yake alikuwa mbele ya moto, akasikia. Juma halijaisha nyoka akapanda ukutani akawamaliza vifaranga wote. Siku mbili tatu baadaye Amani, kitinda mimba, akashikwa na malaria kali, akaweweseka, akabebwa mbiombio kwenda zahanati. Alipona. Lakini Sifa hakuonekana tena darasani.

Ninyi mnajua kama ninavyojua mimi: mtoto wa kike akikaa nyumbani muhula mmoja, muhula wa pili unasikia ameolewa. Nikafunga safari.

Mama Sifa alinipa kigoda, akanipa maji ya kunawa, akanisalimu vizuri. Kisha akasema akiwa anasonga bugali, bila kuniangalia.

"Mwalimu, kama unakuya juu ya Sifa, masomo iliisha."

"Juu ya nini, Mama Sifa?"

"Mulimufundisha kuhesabia benye uzima. Akahesabia batoto ya ndege hapa kwangu, bakakufa. Nyuma, Amani njo akagonjwa. Miye sina tena batoto ya kupoteza."

Nikaanza kumweleza habari za mbu. Nilizieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyozieleza kila mwaka. Aliningoja nimalize.

"Mbu ninaijua, Mwalimu. Ilikuwa hapa tangu zamani. Juu ya nini ilimuuma Amani ile juma?"

Swali hilo, kwa nini Amani na kwa nini juma lile, halimo kwenye kitabu cha darasa lolote nililowahi kufundisha. Nilimwona Sifa kwenye kivuli cha nyumba akimenya mihogo, ameinamisha kichwa, na nikajisikia mzee.

Bugali ukaiva. Mama Sifa akasimama mlangoni akaita: "Neema. Amani. Sifa." Neema akaja, Sifa akaja. Amani hakuitika. Akaita tena, akaita mara ya tatu kwa sauti ya kuelekea kwa jirani, mpaka yule mtoto akatokea mbio, magoti yamejaa vumbi, ndipo mama yake akakaa.

Nilikuwa na tonge mkononi. Nikamuuliza, "Mama Sifa, unajua namna gani bote bamefika?"

"Si ninabaita? Mwenye haitike, hayuko."

"Na kuita, ni kuhesabu?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hapana. Kuita ni kuita."

Nikaliweka tonge chini. Nikamwambia kwamba nimeona nyamanza wamerudi, wanajenga upya kona ya pili ya nyumba. Je, vifaranga wakipewa majina, na Sifa akawa anawaita tu kwenye karatasi, bila namba, ingekuwa vibaya? Watoto walikula, mimi nikajifanya nachambua mfupa wa dagaa, samaki ambaye hana mfupa wa kuchambua.

"Majina nitayatoa miye mwenyewe," akasema mwishowe. "Na hii ndiyo maneno yangu. Bakiruka bote, Sifa atasoma. Moja akikufa, usirudie hapa tena juu ya ile mambo."

Karatasi zetu wenyewe zilikuwa zimeshaonyesha kwamba viota vingi havifiki mwisho: kuna nyoka, kuna paka, kuna upepo. Kumwekea mtoto masomo yake kwenye bahati ya ndege hakukuwa sayansi wala hakukuwa haki. Lakini sikuwa na kitu kingine mkononi, nikasema sawa.

Vifaranga walipototolewa, karatasi ya Sifa ikaja shuleni na majina matatu: Bahati, Esperansi, Yakobo. Chini ya kila jina alikuwa ameeleza jinsi ya kumtambua. Bahati ndiye wa kwanza kufungua mdomo. Esperansi ana doa jeupe penye mdomo. Yakobo ni mdogo, anakaa ukingoni, anasukumwa. Niliisoma mbele ya darasa, na watoto, ambao walikuwa wamechoshwa na namba zangu, wakachangamka. Juma lililofuata kila kiota Nakivale kilikuwa na majina. Palikuwa na kiota cha mitume. Palikuwa na kiota cha walimu wa shule yetu, na mimi nilikuwa kifaranga aliyechelewa kufungua jicho.

Nilidhani Madamu atakasirika. Kumbe alifurahi mno, akanipigia simu. Mtoto aliyeandika namba, alisema, humwambia tu kwamba wawili wamepungua. Aliyeandika majina anamwambia nani amepungua, kama ni mdogo au mkubwa, wa ukingoni au wa katikati. Hilo alikuwa akilitafuta siku nyingi.

"Na kuhesabu?" nikamuuliza.

"Kuhesabu ni juu yangu, hapa Mbarara. Kama iko mbaya, initafute mimi."

Sifa alikuwa amerudi darasani, lakini kwa kuazimwa. Kila asubuhi nilimwangalia usoni kabla ya kumwita jina, nijue kama ndege wamelala salama. Vifaranga wakaota manyoya. Bado kidogo tu waruke, ikaja mvua.

Mnazijua mvua za hapa zikija na upepo kutoka upande wa ziwa. Ile iling'oa shitingi za watu na kuzitupa mashambani. Kulipopambazuka nilivaa gambuti nikaenda, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia Sifa. Nilipofika niliona kona ya nyumba yao imepasuka, turubai linapigapiga. Mama Sifa alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, amelowa chapachapa, kamba ya shitingi imezungushwa mkononi mpaka imemwachia alama. Kitenge chake kilikuwa kimefungwa juu ya kiota. Nikaambiwa alikuwa amesimama juu ya kigoda mvua yote, akiishikilia kona yenye kiota, na upande wa pili maji yakiingia ndani, watoto wamepandishwa juu ya kitanda.

Sikumuuliza kwa nini. Sifa alichukua mwanzi, akapandisha kioo.

"Bahati," akasema Sifa. Akageuza kioo kidogo. "Esperansi."

Akakigeuza tena. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kitenge. Nilimwona Mama Sifa amefumba macho.

"Yakobo," akasema Sifa. "Eko chini ya bengine."

Niliwahi kuona wanafunzi wangu wakifaulu mitihani, na nilishangilia. Sikuwahi kufurahi kama asubuhi ile kwenye tope.

Waliruka kabla ya juma kwisha, Yakobo akiwa wa mwisho. Mama Sifa alitimiza neno lake, na Sifa hakukosa tena shule mpaka akaenda sekondari Mbarara kwa ufadhili. Lakini kabla ya hapo palikuwa na karatasi ya kumaliza, na swali lake la mwisho: je, kuna mtu aliyekisaidia kiota? Sifa alinijia baada ya vipindi, kalamu mkononi.

"Mwalimu, nikiandika ndiyo, Madamu atakitosha?"

Aliuliza kama kitatolewa kwenye hesabu, na sikumficha. Nilimwambia kiota kilichosaidiwa hakiwezi kuonyesha ndege wanavyojitegemea, kwa hiyo kitaondolewa. Nikamwambia pia kwamba hakuna mtu mwingine anayejua. Sikumwambia la kuandika. Akasimama pale, akiuma mfuniko wa kalamu, kisha akainama akaandika: "Ndiyo. Mama alishika shitingi." Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki.

Karatasi ile sikuiacha dukani. Nilingoja pale Ruti mpaka Madamu akaja, nikampa mkononi, na tukaketi juu ya maboksi ya vipuri. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hii siwezi kuweka, Mwalimu. Huyu mtoto amesema ukweli, na ukweli wake unaitoa."

"Anajua," nikasema.

Akairudisha miwani, akasoma tena kuanzia juu, safari hii kwa sauti, jina moja baada ya jingine, pamoja na maelezo yake. Haji aliacha kupanga plagi akasikiliza. Alipofika kwa Yakobo anayesukumwa, Haji akasema mashallah.

Jioni nilipitia kwa Mama Sifa. Alikuwa akichambua maharage na Sifa. Nikamweleza kwa upole kwamba kiota chake hakikuingizwa kwenye hesabu, nikidhani atasikitika. Akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

"Njo vizuri. Basibahesabie." Akaendelea kuchambua kidogo, kisha mikono ikasimama. "Ile majina, Mwalimu. Ni ya batoto yangu. Bakubwa ya Sifa. Balibaki mu njia, wakati ya vita, Sifa akiwa mu mugongo. Ku Kabazana, siku ya kutuandikisha, baliniuliza niko na batoto ngapi, nikasema bale niliobaleta. Bale bengine hakuna fasi baliandikwa."

Sifa alikuwa ameacha maharage. Alikuwa amewaita kila asubuhi penye ukuta ule bila kujua anamwita nani.

"Yakobo alikuwa mudogo?" akauliza.

"Mudogo, lakini njo alikuwa anakubeba wewe, nikichoka."

Nikachota maharage kiganjani, nikaanza kuchambua pamoja nao. Mama Sifa ndiye aliyeanza tena.

"Na ule Madamu, aliyasoma?"

"Aliyasoma."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, moja moja. Na Haji, mwenye duka, alikuwa anasikia."

Akayakusanya maharage yaliyobaki mapajani, akayamimina kwenye sufuria.

"Basi kuna bantu mu Mbarara benye kujua majina yabo."